Chui, mbuzi na dola 50: nani amethibitisha kuwa fedha ya simu haipotei njiani?

Dola 50 zilitoka kwenye simu yangu saa nne asubuhi nikiwa Uvira. Katogota hazikufika.

Shangazi yangu ana shamba la mihogo huko, katika kijiji kilicho kwenye barabara ya kitaifa namba 5, kati ya Kamanyola na Luvungi, mahali ambapo ukitazama ng'ambo ya mto Ruzizi unaiona Burundi. Fedha hiyo ilikuwa ya vibarua waliomaliza palizi. Nilibonyeza, nikaweka namba ya siri, mtandao ukakatika. Uliporudi, salio langu lilikuwa limepungua dola 50 pamoja na ada. Nikampigia simu.

"Mwanangu, hapa hakuna kilichoingia," akasema. "Na vibarua wamekaa mlangoni."

Nikapiga namba ya huduma kwa wateja. Kijana mpole akanipokea, akanitaka nisubiri saa 24, kisha akaongeza maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya: "Usiwe na wasiwasi mzee, mfumo wetu haukosei."

Anajuaje?

Siulizi kwa kejeli. Lipo tawi zima la elimu, katikati ya hisabati na kompyuta, ambalo kazi yake ni kulijibu swali hilo. Linaitwa mantiki ya kompyuta, na ndugu yake wa damu ni nadharia ya uthibitisho. Haliulizi kama programu imejaribiwa, wala kama imeandikwa na watu werevu. Linauliza: je, unaweza kunionyesha, hatua kwa hatua, kwamba haiwezi kukosea kwa namna hii?

Kwa wakazi wa uwanda wa Ruzizi hilo si swali la darasani. M23 walipoingia Goma mwezi Januari 2025, kisha Bukavu na Kamanyola mwezi Februari, benki za Goma na Bukavu zilifunga milango na noti zikawa adimu. Katogota ikajikuta jirani na mstari wa vita. Aliyekuwa na akiba yake ndani ya simu aliitegemea simu hiyo kwa chakula, dawa na nauli ya kukimbilia. Mtu wa namna hiyo akiambiwa mfumo haukosei, ana haki ya kudai zaidi ya maneno.

Fumbo la mto

Tuanze na jambo ambalo wengi walilisikia utotoni. Mtu ana chui, mbuzi na majani. Anataka kuvuka mto. Mtumbwi wake unambeba yeye na kitu kimoja tu. Akiwaacha chui na mbuzi peke yao, mbuzi ameliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yameliwa. Atavukaje? (Tuwaache mamba na viboko wa Ruzizi nje ya hesabu, vinginevyo hatutafika.)

Fumbo hili limezunguka dunia. Ulaya wanalo tangu zama za kati, na kwao ni mbwa mwitu, mbuzi na kabichi. Mwanahisabati Mmarekani Marcia Ascher aliandika mwaka 1990 makala akilinganisha matoleo yake kutoka nchi mbalimbali, Afrika ikiwa na sehemu kubwa, na la Zanzibar lenye chui, mbuzi na majani likiwemo.

Jibu wengi wanalijua. Mpeleke mbuzi, rudi mtupu. Mpeleke chui, rudi na mbuzi. Mwache mbuzi, peleka majani, rudi mtupu. Mpeleke mbuzi. Safari saba.

Sasa akatokea mtu baraza ni akasema: "Mimi naweza kwa safari tano." Utamjibu nini? Ukisema umejaribu mara 100 na hukufaulu, atakwambia hujajaribu vya kutosha. Na atakuwa na haki. Kujaribu mara 100 bila kufaulu hakuonyeshi kwamba jambo haliwezekani.

Njia ya kumjibu ni nyingine. Kuna vitu vinne: mtu, chui, mbuzi, majani. Kila kimoja kiko ng'ambo hii au ile. Hivyo mpangilio wote unaowezekana ni 2 × 2 × 2 × 2, yaani hali 16, wala si 17. Kati ya hizo, 6 ni za maafa, mbuzi au majani yameliwa. Zinabaki 10 salama. Chora hizo 10 kwenye karatasi, kila moja duara lake, kisha unganisha kwa mstari zile mbili zinazotenganishwa na safari moja ya mtumbwi.

Ukimaliza utaona kitu kizuri. Kutoka mwanzo kuna mstari mmoja tu, kwa sababu safari ya kwanza lazima iwe ya mbuzi. Mstari unaendelea, unagawanyika mara mbili (unaweza kuanza na chui au na majani), matawi yanakutana tena, kisha mstari mmoja unakwenda hadi mwisho. Njia ni mbili, na kila moja ina safari saba. Hakuna mchepuko wala kificho, maana hali zote 10 ziko mbele ya macho yako. Anayesema tano mwambie akuonyeshe kwenye mchoro.

Huo ndio uthibitisho. Angalia kwamba yule mtu hahitaji kukuamini wewe. Hata kama wewe ni mwongo wa kijiji kizima, mchoro ni ule ule, naye anaweza kuukagua mwenyewe duara kwa duara. Hiyo ndiyo sifa ninayotaka msomaji aishike hadi mwisho wa makala haya.

Kompyuta inavyovuka mto

Muamala wa fedha ya simu nao ni mto wenye mtumbwi mdogo. Fedha imetoka kwa mtumaji au haijatoka. Imeingia kwa mpokeaji au haijaingia. Ujumbe wa "tayari" umefika au umepotea. Mtumaji amebonyeza tena kwa wasiwasi au ametulia. Kompyuta ya makao makuu imezimika katikati au haikuzimika. Kila swali lina majibu mawili, na kila swali unaloongeza linazidisha hali mara mbili. Ukifikisha maswali 30 tu, hali zinazowezekana zinapita bilioni moja: 1,073,741,824.

Hakuna mhandisi anayeweza kuchora maduara bilioni moja. Wanachofanya wengi ni kujaribu: wanatuma fedha mara elfu kadhaa ofisini, kwenye mtandao mzuri na umeme usiokatika, wanaona imefika, wanafungua huduma. Mholanzi Edsger Dijkstra alionya zaidi ya nusu karne iliyopita kwamba majaribio yanaweza kukuonyesha kosa lipo, lakini hayawezi kukuonyesha kwamba halipo. Katika hali bilioni moja, ile mbaya inaweza kuwa ndiyo inayotokea Katogota wakati mnara wa simu umepoteza nguvu kwa sekunde nne.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Edmund Clarke na Allen Emerson huko Marekani, na Joseph Sifakis huko Ufaransa, kila upande kwa njia yake, walipata wazo la kuikabidhi kompyuta yenyewe kazi ya kuchora. Unaieleza mfumo wako kwa lugha ya mantiki. Unaieleza pia sharti ambalo halipaswi kuvunjwa kamwe, kwa mfano: jumla ya fedha kabla na baada ya muamala iwe ile ile. Kompyuta inapita hali zote. Ikikuta moja inayovunja sharti, inasimama na kukupa orodha ya hatua zilizofikisha hapo, kama vile kukwambia: ulipomwacha chui na mbuzi safari ya tatu, hapo ndipo. Kazi hiyo iliwapatia watatu hao Tuzo ya Turing ya mwaka 2007, ambayo kwa watu wa kompyuta ndiyo Nobeli yao.

Mwaka 2015 wahandisi wa Amazon walieleza jinsi walivyotumia njia ya jamii hiyo kwenye mifumo yao ya kuhifadhi data. Katika mmoja wa mifumo hiyo kompyuta ilitoa kosa ambalo lilihitaji hatua 35 mfululizo, kila moja ya kawaida kabisa, ili data ipotee. Fumbo letu la chui lina hatua saba na bado watu hugombana nalo. Nani angeiona njia ya hatua 35 kwa macho?

Niwarudishe kwenye dola zangu 50. Siku ya tatu shangazi akapiga: fedha imeingia. Nikafurahi. Dakika chache baadaye simu yangu ikalia: umerudishiwa dola 50. Yaani zilifika kwake na zikarudi kwangu. Dola 50 zilikuwa zimezaliwa njiani bila mama.

Ni rahisi kukisia kilichotokea. Fedha ilitolewa kwangu. Agizo la kumwingizia shangazi likatumwa, likakwama mahali kwenye foleni. Jibu halikurudi kwa muda uliowekwa, mfumo ukaamua muamala umeshindikana, ukaandaa kunirudishia. Wakati huo huo agizo lililokwama likaamka na kutekelezwa. Hatua tano, kila moja ina akili ikitazamwa peke yake. Ukaguzi wa hali zote ungeitoa njia hiyo kabla ya chakula cha mchana.

Dalali aliyejificha miaka 17

Kisa kinachonivutia kuliko vyote katika elimu hii ni cha mwaka 1978. Roger Needham na Michael Schroeder walichapisha mwaka huo itifaki fupi, yaani taratibu ya mazungumzo, ya kuwawezesha watu wawili walio mbali kuhakikisha kwamba kila mmoja anaongea na yule anayedhani anaongea naye. Ni hatua tatu tu. Nitaieleza kwa watu wa barabara yetu.

Chukua muuzaji mihogo wa Katogota na mwenye duka wa Uvira. Kila mtu ameyagawa makufuli yake sokoni yakiwa wazi. Yeyote anaweza kufunga sanduku kwa kufuli la mwenye duka, lakini ufunguo anao mwenye duka pekee. Muuzaji anatunga namba ya siri papo hapo, anaiandika pamoja na jina lake, anaifungia kwa kufuli la mwenye duka na kumpa dereva. Mwenye duka anafungua, anatunga namba yake, anaziweka namba zote mbili kwenye sanduku lenye kufuli la muuzaji. Muuzaji anafungua, anaiona namba yake imerudi, anaridhika. Kisha anairudisha ile namba ya pili, imefungwa kwa kufuli la mwenye duka, naye mwenye duka anaridhika. Namba mbili hizo sasa ni siri yao.

Isome tena. Unaona kosa? Wataalamu waliisoma kwa miaka 17.

Mwaka 1995 Gavin Lowe, mtafiti wa Oxford, akalionyesha. Kinachohitajika ni dalali asiye mwaminifu ambaye muuzaji ana shughuli halali naye. Muuzaji anampelekea dalali sanduku la kwanza, kama utaratibu unavyosema. Dalali analifungua, maana limefungwa kwa kufuli lake, anachukua namba na jina la muuzaji, anavifungia upya kwa kufuli la mwenye duka na kuvipeleka Uvira. Mwenye duka anaona jina la muuzaji, anajibu kwa sanduku lenye kufuli la muuzaji. Dalali hawezi kulifungua, na wala hana haja. Analipitisha tu. Muuzaji analifungua, anaiona namba yake, anadhani ni jibu la dalali, kisha anamrudishia dalali ile namba ya pili kwa kufuli la dalali. Dalali anafungua. Sasa anazo namba zote mbili. Anaifungia ya mwisho kwa kufuli la mwenye duka, na mwenye duka wa Uvira anaapa kwamba aliye upande wa pili ni muuzaji wa Katogota.

Hakuna kufuli lililovunjwa wala ufunguo ulioibwa. Ni mantiki tu iliyokuwa na tundu. Dawa yake inachekesha kwa udogo: mwenye duka aandike jina lake ndani ya sanduku la pili. Muuzaji akilifungua na kukuta jina la mwenye duka mahali alipotarajia la dalali, anasimama hapo hapo. Mwaka 1996 Lowe alionyesha jinsi programu ya kukagua hali inavyoligundua tundu hilo, na jinsi itifaki iliyorekebishwa inavyopita ukaguzi.

Jambo hilo halikuishia miaka ya tisini. Kadi za benki zenye chipu hufuata kanuni zilizoandikwa kwenye zaidi ya kurasa 2,000. Watafiti wa chuo cha ETH huko Zürich walizieleza kanuni hizo kwa lugha ya mantiki, wakaipa programu inayoitwa Tamarin, na kufikia mwaka 2020 ilikuwa imewatolea njia ya kulipa kiasi kikubwa kwa kadi ya Visa ya kugusisha bila kuijua namba ya siri. Wakaijaribu kwa kadi zao wenyewe madukani, ikafanya kazi. Kwa upande wa pili, itifaki ya TLS 1.3 iliyokamilishwa mwaka 2018, ambayo hulinda tovuti unazofungua zenye alama ya kufuli, ilipitishwa kwenye ukaguzi wa aina hii kabla haijatolewa kwa umma. Ndivyo inavyopaswa kuwa: kagua kwanza, fungua duka baadaye.

Karani mdogo asiyechoka

Hadi hapa nimezungumzia kupita hali zote. Lakini kuna mifumo ambayo hali zake hazina mwisho, na hapo hakuna kompyuta itakayozimaliza. Hapo inaingia nadharia ya uthibitisho yenyewe.

Wazo lake ni kuuchukulia uthibitisho kama kitu unachoweza kukishika, kukipima na kukikagua, kama tofali kwenye ukuta. Mwaka 1935 Mjerumani Gerhard Gentzen alichapisha kanuni chache za kufikiri ambazo kwazo hoja yoyote ya mantiki inaweza kuvunjwa vipande vidogo. Mojawapo ni hii: kama daraja limevunjika, gari la Uvira halipiti, daraja limevunjika, basi gari halipiti. Kanuni hiyo inaruhusu. Lakini mtu akisema "gari halijapita, basi daraja limevunjika", hakuna kanuni inayomruhusu. Labda kuna kizuizi cha barabarani. Sote tumewahi kukaa Luvungi tukifanya kosa hilo.

Gentzen mwenyewe si mtu wa kumwekea picha ukutani. Mwaka 1933 alijiunga na SA, kikosi cha wanamgambo wa Wanazi, na alikufa kwa njaa gerezani Prague mwezi Agosti 1945. Nalitaja kwa sababu linagusa ile sifa niliyoomba uishike. Kanuni zake hazikuombi umpende. Unazikagua, zinasimama, basi.

Mwaka 1967 Mholanzi Nicolaas de Bruijn alianza mradi wa kuandika hisabati kwa lugha ambayo kompyuta inaweza kuikagua mstari kwa mstari. Mkaguzi, kwa maoni yake, awe programu ndogo mno, ndogo kiasi kwamba watu wanaweza kuisoma yote na kuridhika nayo. Uthibitisho wenyewe unaweza kuwa mrefu kama barabara ya Uvira hadi Kalemie na kuletwa na mtu yeyote, mwerevu au tapeli. Karani mdogo ataupitia wote bila kuchoka wala kupokea chai, na mstari mmoja ukikosa kibali cha kanuni, anaukataa.

Wafaransa walianza mwaka 1984 kujenga karani wa namna hiyo, Coq, ambaye mwaka 2025 alibadilishwa jina na kuitwa Rocq. Alipata umaarufu kwa swali la ramani: je, rangi nne zinatosha kupaka ramani yoyote bila nchi mbili zinazopakana kuwa na rangi moja? Kenneth Appel na Wolfgang Haken walitangaza mwaka 1976 kuwa zinatosha, lakini kompyuta yao ilikuwa imefanya kazi kwa zaidi ya saa 1,000 na hakuna binadamu aliyeweza kuyapitia yote. Wanahisabati wengi walinung'unika: tumwamini nani? Mwaka 2005 Georges Gonthier akaupitisha uthibitisho wote mbele ya Coq, na manung'uniko yakapungua sana.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wanafunzi wa kompyuta hulipenda, nami nalipita haraka. Uthibitisho wa "kama A basi B" ni sawa na mashine: unaipa uthibitisho wa A, inakutolea wa B. Hivyo kuandika uthibitisho na kuandika programu, ukichimba hadi chini, ni kazi moja. Ndiyo maana karani anayekagua hisabati anaweza kukagua pia programu inayoendesha treni. Mkongomani wa Paris anayekwenda kununua pondu Château Rouge, akipita Châtelet, anaweza kuwa ameshuka kutoka treni ya njia namba 14 isiyo na dereva. Ilifunguliwa mwaka 1998, na sehemu za programu yake zinazohusu usalama zilithibitishwa kwa hisabati kabla abiria hajapanda.

Pale uthibitisho unapoishia

Wauzaji wa programu wakilisikia neno "imethibitishwa" hulipenda mno, kwa hiyo tuwekeane mipaka.

Alan Turing alionyesha mwaka 1936 kwamba haiwezi kuwepo programu moja itakayopewa programu yoyote ile na kusema kwa hakika kama itafika mwisho au itazunguka milele. Hakuna mkaguzi wa kila kitu. Kila mfumo unadai kazi yake, na kazi hiyo ni ghali.

Kisha, uthibitisho unahusu sharti lililoandikwa. Ukiandika "fedha isizaliwe njiani" ukasahau kuandika "wala isitolewe mara mbili kwa mtumaji aliyebonyeza mara moja", karani atakupigia muhuri na wewe utaendelea kuibiwa. Na hakuna uthibitisho wa hisabati utakaomwekea wakala wa Katogota noti kwenye droo, wala utakaomzuia mwenye bunduki kukuomba simu yako kizuizini.

Lakini mipaka hiyo haimpi mtu ruhusa ya kutuambia "amini tu". Kenya ilifika mbele ya swali hili mwaka 2017, pale Mahakama ya Juu iliyoongozwa na David Maraga ilipotaka kompyuta za tume ya uchaguzi zifunguliwe zikaguliwe, tume ikashindwa kutekeleza ipasavyo, na Septemba 1 matokeo ya urais yakafutwa. Kwetu Congo, Desemba 30, 2018, mashine ya kupigia kura ilichapisha karatasi yenye chaguo la mpiga kura, na karatasi ikaingia sandukuni. Sitaingia kwenye ubishi wa matokeo. Nasema tu kwamba karatasi ile, kama kitu, ilikuwa wazo zuri: ilikuwa shahidi ambaye angeweza kuhesabiwa na mtu asiyeiamini mashine.

Fedha ya simu haina karatasi ya namna hiyo. Ina ujumbe mfupi, ambao ni kampuni ikijitolea ushahidi yenyewe. Benki Kuu ya Congo ndiyo inayotoa leseni kwa makampuni haya. Kwa maoni yangu, leseni ingepaswa kudai maelezo ya itifaki yaandikwe wazi, pamoja na orodha ya masharti ambayo hayavunjiki na matokeo ya ukaguzi, ili mhadhiri wa Bukavu au Lubumbashi ayapitie bila kuomba ruhusa. Tamarin hailipiwi, wala Rocq. Anayehitaji kuanza anahitaji kompyuta moja, subira, na mwalimu wa mantiki ambaye hakuishia kwenye majedwali ya kweli na uongo ya darasa la tano sekondari.

Nilimsimulia shangazi fumbo la chui kwa simu, nikamweleza na zile hali 16. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema kwao huko mtu mwenye chui hakuna atakayempa mtumbwi.

Zile dola 50 zilizorudi sikuzigusa. Niliwapigia wenye kampuni nikawaambia zimelipwa mara mbili, yule kijana mpole akanijibu kuwa jambo hilo haliwezekani kwenye mfumo wao, na ombi langu likafungwa. Wiki mbili baadaye niliangalia salio. Hazikuwepo, na hakuna ujumbe ulioingia.